Bawa la Ndege Kutoka Chumbani

Injinia hakuwahi kusomea uinjinia wala kushika spana, ila mdomo wake ungeweza kuezeka nyumba. Asubuhi hiyo, kwa muuza chai, alimsikia Mama Magitaa, fundi wa kuunda magitaa, akilalamika kwamba ile mbao nyepesi ya ng'ambo, ya uso wa gitaa, haipatikani tena.

"Hata ndege za zamani ziliundwa kwa mbao hiyo," fundi huyo alisema. "Nikikosa mbadala wiki hii, nafunga karakana."

Injinia aliacha chai nusu kikombe. Mama mkwe, mwenye nyumba anamowalea yeye na mkewe, alikuwa safarini hadi kesho. Kitanda chake cha kale kilikuwa cha mbao nyepesi, nyuzi zake zimenyooka kama mistari ya daftari. Basi! Auze mbao, anunue kitanda cha chuma cha bei poa, chenji aitie mfukoni. Kesho ikimkuta bila kitanda, yeye na virago vyake watalala nje.

Saa sita alikuwa karakanani, mbao begani, jasho linamtiririka.

"Bawa la ndege hili, mama. Limevuka mabara!"

Mama Magitaa akaning'iniza ubao mmoja kwa vidole viwili, akaugonga, akatega sikio. Ukalia mlio mrefu, safi. Moyo wake ukaruka kwa furaha, lakini uso ukabaki umenuna.

"Pole, mwanangu. Mbao iliyoruka hivyo imechoka. Nitakupa bei ya kuni."

"Kuni?"

"Ingekaa ndani, ikakauka taratibu miaka thelathini, ningelipa mara ishirini. Sasa hii, masikini, imetembea mno."

Jamani, tamaa! Injinia akameza mate. Ukweli hakuwahi kuuza hata siku moja, akaona leo aujaribu.

"Mama, nilikutania tu. Hiki ni kitanda cha mama mkwe wangu. Tangu aolewe hakijatoka chumbani, haki ya Mungu!"

"Mama mkwe wako si yule mshonaji wa mifuko yangu ya magitaa?"

"Ndiye huyo huyo!" Injinia alichangamka, akidhani kujuana kutapandisha bei.

"Basi nalipa mara ishirini, sirudi nyuma," akasema Mama Magitaa, huku akibonyeza simu. "Ila namlipa mwenye mali."

Simu ikapokelewa upesi.

"Shoga, nimekipenda kitanda chako. Nakinunua."

Kisha sauti ya mama mkwe ikajaa karakana nzima:

"Kitanda kipi?"