Daktari wa Karanga

Asubuhi ya Jumanne mtu asiyejulikana aliingia katika kambi moja ya polisi upande wa Nakawa akiwa amevaa koti jeupe, na askari wa getini akampigia saluti. Hapo mgeni huyo, Ondiek, akajua kwamba siku itakuwa njema.

Kitambulisho hakuwa nacho. Alikuwa na koti, viatu vyeusi vilivyong'aa hadi ungeweza kuvitumia kama kioo cha kunyolea ndevu, na Kiswahili cha Kisumu, ambacho hapa Kampala humfanya mtu aonekane ametumwa na serikali, hata kama haijulikani ni serikali gani.

Kilichomleta ni karanga. Wake wa askari, wengi wao watu wa kaskazini, walikuwa wameletewa mavuno kutoka nyumbani, na kila baraza lilikuwa na magunia. Karanga hizo walizisaga kuwa odii, ile siagi nzito inayopakwa kwenye viazi, wakaiuza sokoni, na odii ndiyo iliyosomesha watoto wa kambi ile. Ondiek aliyaona magunia Jumapili akipita barabarani, na papo hapo moyo wake ukajaa mapenzi ya kuelimisha jamii.

Mpango wake ulikuwa mwepesi: awatishe akina mama kwamba karanga zao zina sumukuvu, ile sumu ya ukungu, azichukue "zikateketezwe", kisha akaziuze kwa wasagaji wa Kisenyi.

"Wataalamu walikuja hapa mwaka jana," Lamunu, mke wa koplo mmoja, akamwambia mbele ya wenzake. "Walileta soda na bango. Wakatupiga picha tumeshika bango. Mpaka leo hatujui liliandikwa nini."

Lakini Ondiek alikuwa amejiandaa. Tapeli mvivu hutegemea mdomo. Yeye alikuwa tapeli mwenye bidii, na usiku uliotangulia alikuwa amesoma habari za sumukuvu kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Bidii hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

"Huwezi kuionja," akaanza, "na haiondoki kwa kupika. Inakula ini polepole, na mtoto hadumai kwa uchawi, anadumaa kwa sahani yake. Inapenda karanga zilizoanikwa kwenye udongo mtupu, zikanyeshewa, zikafungwa kabla hazijakauka."

Wanawake wakaacha kunong'ona. Aol, mjane wa sajini aliyeheshimiwa na kambi nzima, akainua mkono.

"Daktari, tutajua aje ile mbaya?"

Tapeli mwenye akili angejibu: zote ni mbaya, nipeni. Lakini Ondiek alikuwa ameisoma habari ile hadi mwisho, na mtu aliyejifunza kitu kipya huwashwa na ulimi.

"Iliyosinyaa, mama. Iliyobadilika rangi, yenye ukungu, iliyotobolewa na wadudu. Chagueni moja moja kwa mkono, mzitenge. Msile, msiuze. Hata kuku msimpe."

"Hata kuku," wakaitikia wote, kama wako kanisani.

Mchana Aol akamkaribisha viazi vitamu na odii. Ondiek alipoinama kunawa mikono, mama yule akaitazama kola ya koti lake kwa muda. Kisha akasema, "Niahidi kitu kimoja tu. Hizo zenye sumu uchome mpaka zikuwe majivu. Mtoto wa mtu asikule."

"Naahidi, mama," akasema Ondiek, ambaye alitoa ahadi kama wengine wanavyopiga chafya, na akamwachia namba yake ya simu.

Alhamisi alirudi na pikapu ya Ogutu, Mkenya mwenzake, aliyekubali kulipwa baada ya mauzo. Magunia machache yalikuwa yameshonwa, yanamngoja. Mengine yote yalikuwa bado barazani.

"Na yale?" Ondiek akauliza.

"Hayo tulichagua, iko safi," Lamunu akamjibu kwa fahari. "Ulitufundisha vizuri sana, ssebo," akamalizia, yaani bwana kwa Kiganda.

Wakampigia makofi. Ni vigumu kumwibia mtu anayekupigia makofi. Ondiek akapakia uozo wake, akashukuru, akaondoka.

Kisenyi, Husnah mwenye mashine ya kusaga akachana gunia moja. Vumbi la kijani likapanda. Ondiek akarudi nyuma, ameziba pua.

"Ni mbovu," akakiri.

"Naona. Nitachukua kwa nusu bei. Tunakaanga mpaka iwe nyeusi, tunasaga, tunatia chumvi."

"Na nani anakula?"

"Watu. Ile hoteli ya kona unakokula mchuzi wa binyebwa kila siku inanunua kwangu."

Ondiek akajishika ubavu wa kulia, pale alipokuwa amewaonyesha akina mama kwamba ini hukaa. Husnah alikuwa tayari ameshika noti. Simu ikalia.

"Daktari," ilikuwa sauti ya Aol, "umeshachoma?"

"Zinaungua, mama. Moto mkubwa."

"Mbona nasikia mashine?"

Ondiek akaifunika simu kwa kiganja.

"Koti lako liko na jina la bucha kwenye kola," Aol akaendelea taratibu. "Niliona ukinawa."

"Basi kwa nini hukuniitia askari? Kwa nini mlinipa magunia?"

"Wale wa bango hawakutufundisha kitu. Wewe ulitufundisha ukweli. Nikasema, huyu labda anaweza kushika neno moja. Daktari wa kweli nisingemwomba kuahidi."

Akakata.

Noti zilikuwa bado mkononi mwa Husnah. Ondiek alizitazama kwa huzuni kubwa, kama mtu anayemsindikiza ndugu yake kituo cha basi. Kisha akaanza kurudisha magunia kwenye pikapu.

Bondeni Namuwongo kulikuwa na tanuri la matofali linalowaka. Ogutu hakutaka kusikia habari za afya ya jamii.

"Boss, mimi nalipwa na nini? Majivu?"

Ondiek akavitazama viatu vyake, mtaji wake wote wa kazi, akavivua. Ogutu akavipima, vikamkaa, akaondoka bila kuaga.

Karanga zilipoanza kuungua, harufu tamu ikaenea bonde zima. Wafyatua matofali wakasogea, mate yanawatoka.

"Ssebo, tupe kidogo tu."

"Zina sumu."

"Basi za kuku wetu."

"Hata kuku," akasema Ondiek, akachukua fimbo, akasimama peku kwenye matope kuzikoroga, mpaka gunia la mwisho likawa majivu.