Ng'ombe wa Mzee Wangwe Ukutani

Jumatatu, 4 Mei 2026

Projekta imefika! Moja tu, shule nzima. Mwalimu Mkuu, Madam Mwajuma, katangaza kwamba Ijumaa mimi na Teresia tutafundisha mbele ya wazazi jinsi ng'ombe anavyocheua. Atakayeeleweka ndiye mwalimu wa TEHAMA, atakaa na ufunguo wa chumba. Ufunguo huo wangu! Nimeshanunua kamba ya kuuvaa shingoni.

Teresia, mwalimu wa Sita B, ana video ya dakika moja. Dakika moja! Kajichimbia kaburi. Mimi slaidi arobaini, herufi zinaingia zikizunguka, kila slaidi na vigelegele vyake.

Jumanne, 5 Mei

Madam kasisitiza watoto waone mambo ya kwao. Sawa! Nikaenda boma la Mzee Waisiko. Mwenyewe yuko mnadani. Sikumsubiri, wazee wana maswali mengi. Nimempiga video ng'ombe mwekundu, pembe moja imepinda hadi karibu na jicho, anacheua kwa madaha. Nimemwekea muziki.

Jumatano, 6 Mei

Nimejaribu na Sita A yangu. Walicheza hadi madawati yakasogea! Nikamuuliza Gati chakula cha ng'ombe kikishamezwa kinakwendaje. Akajibu kinakwenda kikizunguka. Tatizo nimeliona: muziki uko chini.

Nikachungulia Sita B. Teresia anasimamisha picha, anauliza wameona nini, wanabishana, anairudisha tena. Nimewaambia walimu wenzangu kwamba kompyuta yake inakwama.

Ijumaa, 8 Mei

Ole wangu! Teresia alianza, akapigiwa makofi. Nikasimama mimi. Slaidi zikazunguka, wazazi wakashika vichwa. Ng'ombe wangu alipotokea ukutani, Mzee Wangwe, mmoja wa wazazi, akaruka kitini. Mura, we kijana, simamisha hapo! Huyo ng'ombe ni wake, kapotea tangu wakati wa palizi! Mzee Waisiko, kiti cha mbele kabisa, akasema ng'ombe alijileta mwenyewe, yeye alikuwa anamtunza tu. Wangwe akauliza anatunzwaje kimya kimya na jirani wa kunywesha mto mmoja. Nusura fimbo zinyanyuke!

Madam akaniamuru nizime muziki, nirudishe picha, tutazame alama ya sikio. Rudisha. Simamisha. Rudisha. Watoto wakasogea ukutani. Ghafla Gati akapaza sauti: tazameni shingo, kuna donge linapanda! Akawaeleza wazee wote. Nyasi zilimezwa haraka haraka, zikakaa tumboni, sasa zinarudi mdomoni zitafunwe vizuri. Gati, ambaye hajawahi kunyoosha kidole! Machozi yalinitoka, sifichi.

Alama ilikuwa ya Wangwe. Waisiko kakubali kumrudisha ng'ombe kesho, na wakashikana mikono. Darasa zima likawa linaigiza kucheua, na kila niliyemuuliza alinijibu sawasawa.

Ufunguo kapewa Teresia. Madam kaniambia niketi darasani kwake nijifunze kusimamisha picha. Mimi!

Jumatatu, 11 Mei

Nimetafakari Jumapili nzima. Watoto walielewa, hilo halina ubishi. Lakini kwa sababu ya kusimamisha picha? Thubutu! Siri ni mnyama aliyepotea. Mada ijayo ni ndege. Leo kabla ya kengele nimemhamisha jogoo wa Madam hadi banda la kuku la Teresia, nikampiga video akiwa humo. Kaniparua pua, si kitu. Slaidi ziko sitini, muziki juu zaidi. Kamba ya ufunguo nimeifua, ipo juani.