Marehemu wa Benchi la Tatu

Jumamosi, 2 Novemba

Hili sijamwambia mtu, hata Padri Menino kwenye kitubio: mimi ndiye niliyemuua Shangazi Bebi. Nimemuua leo asubuhi, katikati ya misa, mbele ya parokia nzima.

Sikukusudia! Ngoja nieleze.

Mwezi uliopita nilikwenda na Mama soko la Ijumaa, mjini Mapusa. Yeye anagombania bei ya soseji, mimi nimechutama kwenye vikorokoro vya mzee wa taa za shaba. Chini ya taa, santuri. Jaladani, msichana mwenye nywele kama wingu na buti za fedha hadi magotini. Ludovina Rebelo, Bombay, 1974. Nikainunua, nikaileta nyumbani ndani ya mfuko wa vitunguu na kuiweka kwenye gramafoni ya marehemu Babu.

Mama yangu wee! Anaanza na jazi, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi viatu mkononi. Kisha soul, ile inayotokea chini ya mbavu. Kisha gitaa la besi linaingia, fanki tupu, na anaimba kwa Kikonkani! Kikonkani, lugha tunayogombezea nguruwe!

Nikamtafuta mtandaoni. Hayupo. Hata picha. Asiyekuwepo mtandaoni, nikakata shauri, amekufa.

Hapo mpango ukazaliwa. Usiku wa sikukuu ya parokia, kamati huwaenzi wasanii marehemu wa kijiji. Binamu yangu Royston ameshamwandikisha babu yake wa upande wa pili, mpiga fidla, ambaye hata mbwa walikuwa wakihama akianza. Royston! Kinanda cha kwaya kimempanda kichwani. Aliwahi kutangaza mbele ya watu kwamba mimi nikipanda jukwaani, pazia litaongea kwanza. Sasa ningemziba mdomo na mwimbaji niliyemvumbua mwenyewe, tena mwenye jina la ukoo wa hapa hapa. Ila kamati inataka marehemu aliyeombewa parokiani. Rahisi. Novemba ni mwezi wa marehemu, kila nyumba inatumbukiza majina sandukuni na Padri anayasoma. Nikatumbukiza la Ludovina.

Ningeweza kuuliza mtu kwanza. Lakini kuuliza ni kuongea. Nasoma shule kwa lugha mbili na nimenyamaza katika zote mbili.

Leo Padri akalifikia: "…na Ludovina Rebelo." Benchi la tatu, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, Shangazi Bebi, yule mwenye vita na kunguru, akasimama wima. Akasema, "Baba Padri, ahsante sana, lakini roho hiyo bado naitumia."

Kumbe Bebi ni jina la nyumbani tu. Miaka kumi na sita, sikuwahi kujiuliza kama ana jingine.

Jumapili, 3 Novemba

Mambo yamezidi. Watu wa kitongoji cha juu waliisikia habari nusu. Wamekuja na nyuso za msiba, sufuria za mchuzi na shada la maua. Marehemu mwenyewe akawafungulia mlango. Mchuzi kaupokea. Shada kalitundika kwenye banda la nguruwe.

Sasa anapita nyumba kwa nyumba, mwavuli mkononi, akiuliza ni nani. Mama akasema mezani, "Mshenzi gani huyo anamzika mtu mzima?" Nikasema sijui.

Nimeificha santuri chini ya godoro. Jioni nikamsikia Shangazi akifukuza kunguru. Sauti ile ile! Inashuka mwishoni vile vile kama kwenye santuri. Nimeisikia kila siku tangu nizaliwe. Masikio yangu ni ya urembo tu.

Jumanne, 5 Novemba

Amekuja kwetu! Nikakimbilia nyuma ya kisima. Nikajibanza na chura mmoja aliyeonekana kunidharau.

Nikasikia yote. Akamwambia Mama kwamba hana hasira. Anayelijua jina lile, alisema, ana santuri yake, na yeye mwenyewe hana hata moja. Mafuriko ya Bombay yalimchukulia zake, kampuni ya santuri ikafa, akarudi kumuuguza mama yake. Hapa hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya nini huko. Walidhani alikuwa akipiga taipu. "Na mimi nikawaacha na taipu yao," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo kunguru hawaijui, "Wanizike tena wakitaka, mwanangu, si neno. Ila niisikie mara moja."

Hana hasira! Nilitaka kumkumbatia chura. Hapo ndipo ningetoka. Nikabaki na chura.

Alhamisi, 7 Novemba

ROYSTON! Amemwambia Shangazi kwamba ni yeye. Eti alilitoa jina kwa heshima ya sanaa. Nimemwona barazani kwa Shangazi, miguu juu ya kiti, akila keki ya nazi tabaka kwa tabaka. Shangazi akimwomba santuri, anasema inasafishwa na mtaalamu, mjini Panjim.

Hapana. Chura mwenyewe asingekubali.

Nikageuza gramafoni ielekee dirishani. Sauti hadi mwisho. Nikashusha sindano, nikajitupa chini ya kitanda.

Ng'ambo, sahani ikaanguka. Kisha kandambili zikavuka njia. Zikasimama chini ya dirisha. Jazi ikapita. Soul ikapita. Besi ilipoingia, akaimba. Sauti ina mchanga sasa, lakini hakuchelewa hata unywele. Nililia kule chini, vumbi likanipalia, nikapiga chafya.

Santuri ikaisha. Nikamsikia Royston akihema, amemfuata na keki mdomoni. Shangazi akamwambia, "Royston, mwanangu, mtaalamu wako wa Panjim anaishi chini ya kitanda cha Sancia?"

Royston akasema alikuwa anatania.

Nikatoka na buibui kwenye nywele, nikingoja mwavuli. Shangazi akanishika mashavu dirishani akacheka hadi akashika ukuta. Akasema hajawahi kuuawa na mtu mwenye adabu kama mimi. Nikavuta pumzi. Nadhani ni ya kwanza tangu Jumamosi.

Jumamosi, 9 Novemba

Kila kitu shwari! Kamati imekubali kuwaenzi hata walio hai, kwa vile mmoja amewatisha na mwavuli. Shangazi ataimba mwenyewe, mimi nitasimama kando na jalada, bila kutakiwa kusema neno. Marehemu babu wa Royston ataenziwa baada yake, maskini. Padri amenisamehe, kitubio changu ni kufagia makaburini. Mama amenisamehe nusu. Nimelala usingizi wa mtoto mchanga.

Nimejifunza mengi. Kwa mfano, kusoma nyuma ya jalada! Kwa herufi ndogo yupo mpiga tarumbeta, Caitan Colaço. Mpulizaji wa ajabu, na hakuna anayemjua. Mtandaoni hayupo. Pichani alikuwa na kipara tayari mwaka ule wa 1974, kwa hiyo mambo yako wazi. Jana nilitumbukiza jina lake sandukuni. Litasomwa kesho. Shangazi ataguswa sana! Sijamwuliza, kwa sababu zawadi haiulizwi.

Tena ana furaha tele, tangu asubuhi anakaanga samaki. Anangoja mgeni kutoka Mumbai, ile Bombay ya zamani, wa kumsindikiza kwenye sikukuu. Hakusema nani. Sikuuliza.

Kandambili zake hizo zinavuka njia. Na viatu vizito kando yake. Sauti ya mzee inauliza yuko wapi huyo binti, ampe mkono. Nimechungulia. Kipara kinang'aa kama sinia. Kwapani, kisanduku cheusi cha tarumbeta.

Wako ngazini. Sanduku la kanisa hufungwa saa ngapi? Ukurasa huu niutie wapi, chini ya godoro, hapana, Mama anajua, ndani ya jal