Feni Mbili za Mabruki na Mlima wa Chake

Tegeni masikio, enyi watu wa Pujini na wa kando zake. Mliomo mikarafuuni teremkeni, mlio jikoni epueni vyungu, na nyinyi mliojinyoosha mabarazani mkingoja adhana, inukeni mketi vizuri. Kwani leo hazisimuliwi habari za majeshi wala za wafalme, hausimuliwi mji uliotekwa wala ngome iliyobomolewa. Inasimuliwa habari iliyo kubwa kuliko hizo zote: habari ya Mabruki bin Nyange, simba wa spana, mwenye mikono iliyokolea grisi hadi ndani ya kucha, na jinsi alivyozitia feni mbili za umeme ndani ya gari ambalo halikuwa na nafasi ya kutiwa hata nusu feni.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe ubavu mmoja na rangi ya maziwa ya mgando ubavu wa pili, na Mabruki alilipenda kama wengine wanavyopenda farasi. Lilikuwa na sifa zote za gari jema isipokuwa moja: lilichemsha. Mahali tambarare lilikwenda kwa heshima na adabu. Lakini Pemba, kama mjuavyo, kilima kikimalizika huanza kilima, na kila lilipofika katikati ya mpando, gari lilisimama, likatoa moshi mweupe chini ya boneti, likapiga mluzi. Watu wasio na huruma wakalipa jina la Birika. Na siku moja, gari limesimama mlimani na Mabruki amesimama kando yake ameshika kiuno, akapita Mzee Shaame na gari lake la ng'ombe, akasita, akauliza kwa upole kama maji yameshakuwa tayari, kwa sababu yeye majani ya chai anayo, na tangawizi pia.

Jeraha hilo Mabruki alilala nalo siku nyingi.

Ikafika posa ya Moza. Moza alikuwa dada yake wa pekee, na baba yao, marehemu Nyange, alipokuwa kitandani katika ugonjwa wake wa mwisho, alikuwa amemshika Mabruki mkono akamwambia kuwa siku mtoto huyu atakapotoka nyumbani, atoke kwa kitu chetu wenyewe, si kwa cha kuazima. Basi tarehe ilipotangazwa, kwamba Moza atapelekwa kwa mumewe mjini Chake siku ya Ijumaa baada ya sala ya alasiri, Mabruki alisimama barazani mbele ya wanaume kumi na mmoja, akatoa kifua, akanena:

"Enyi jamaa, shuhudieni. Dada yangu atakwenda Chake ndani ya gari langu hili, na boneti halitafunguliwa tangu mlango wa mama yangu hadi mlango wa mumewe. Likifunguliwa njiani, mimi si mwana wa Nyange, na gari nitalifanya banda la kuku."

Kisha Mzee Shaame akakohoa, akajibu kwa sauti ya mtu anayesoma khutba.

"Mwanangu Mabruki, maneno yako nimeyasikia na Mungu akutilie nguvu. Lakini mie Ijumaa hiyo nitamwosha ng'ombe wangu, nitamfunga kitambaa chekundu, nitie na zulia kwenye gari, nije nyuma yenu pole pole. Ng'ombe wangu huyu ana miaka tisa. Hajachemka hata siku moja."

Ndipo Mabruki akaenda kwa Nassor, fundi wa redio na wa kila kitu chenye waya, wakakaa kikao cha vita. Nassor akatazama injini, akaeleza kuwa feni ya zamani inazungushwa na mkanda wa injini, na gari likipanda mlima kwa mwendo wa kobe, feni nayo huzunguka mwendo huo huo wa kobe, wakati ambapo rejeta, inayopoza maji ya injini, inataka upepo kuliko wakati wowote. Dawa ni moja: feni hiyo ing'olewe, zitiwe mbili ndogo za umeme, ambazo hazijali injini inakimbia au inatambaa.

Wakaing'oa. Ikabaki nafasi baina ya rejeta na injini, na Mabruki akaipima kama alivyomwona baba yake akipima mbao, na babu yake akipima kila kitu: kwa nyanda. Akavibananisha vidole vyake, akavitumbukiza, vikaenea vinne barabara. Kwa kuwa ilikuwa ni miaka ile simu za mkononi zilipokwisha kuingia mpaka mashambani, akapanda juu ya kichuguu penye mtandao, akampigia muuza vifaa vya magari huko Unguja, akamwagiza feni mbili zenye unene usiozidi nyanda nne. Yule bwana akasema anazo, na kwamba anazipima hapo hapo kwa vidole vyake mwenyewe, na ni nyanda nne hasa, wala hazizidi hata unywele.

Feni zikafika kwa boti siku ya Alhamisi, zimefungwa magazeti. Ijumaa baada ya sala ya alfajiri, mama akianika karafuu uwanjani, Mabruki akafungua boneti, akasema bismillahi, akaishusha feni ya kwanza mahali pake. Ikakataa. Akaigeuza, ikakataa. Akaisukuma kwa kiganja, kisha kwa goti, kisha kwa maneno ambayo siku ya Ijumaa hayafai kuandikwa. Akatazama vidole vyake, vyembamba kama vya mtu aliyelelewa kwa dagaa na muhogo, akakumbuka sauti ya yule bwana wa Unguja, sauti nene, yenye pumzi ya mtu aliyeshiba. Nyanda zilikuwa nne kweli. Ila vidole vya Unguja havikuwa vidole vya Pujini.

Kwa hakika, mtu mwingine angeketi chini akalia. Simba wa spana hakulia. Alilizunguka gari mara tatu kama anayeizunguka ngome, akatafuta mahali penye ukuta dhaifu, na mara ya tatu akapaona: mbele ya rejeta, nyuma ya wavu wa pua ya gari, palikuwa na upenyo uliokaliwa na honi na vumbi la miaka. Honi ikahamishwa kama raia wanavyohamishwa kupisha barabara. Chuma kimoja kikakatwa, kingine kikapindwa. Nassor alishika taa, Mabruki akaingiza mkono mahali ambapo hata panya angeomba ruhusa kwanza, akazikaza skrubu kwa kupapasa, bila ya kuziona, akiongozwa na kucha tu. Ngozi ya vifundo ikabaki kwenye vyuma. Nati moja ikaanguka ndani ya injini, ikatafutwa nusu saa, ikapatikana ndani ya mfuko wa shati la Nassor, na jambo hilo wakakubaliana kutolizungumza tena. Na hapa maneno ya mjazo hayatoshi, yaje ya utenzi:

Shika yako bisibisi,
moyo usitie wasi,
vita leo ni vyepesi,
feni zitakuitika.

Saa nne na nusu, feni zote mbili zilikuwa zimekaa bega kwa bega mbele ya rejeta kama mabawabu. Nassor akaunga waya kwenye betri kupitia swichi ndogo ya taa ya nyumbani, iliyopigiliwa chini ya usukani. Mabruki akanyoosha kidole, akaibonyeza.

Feni zikavuma. Ni mvumo gani huo, enyi wasikilizaji. Kuku walikimbia, paka akapanda paa, na Mabruki akafumba macho kwa raha kama mtu anayesikiliza kasida. Alipoyafumbua akaona kuwa hewani kuna kitu. Ilikuwa ni karafuu. Karafuu za mama yake, pishi nane zilizokuwa zimetandazwa kwenye majamvi mbele ya pua ya gari, nusu zimekauka na nusu bado, zilikuwa zimeinuka pamoja na vijiti vyake vya makonyo na majani, zinasafiri kuelekea migombani.

Bi Mwanaasha, mama wa shujaa, hakupiga kelele. Alisimama katikati ya tufani ile na ungo wake mkononi, karafuu zimemkaa kwenye ushungi, akangoja mpaka swichi ilipozimwa. Bi Mwanaasha alikuwa amepepeta mpunga miaka arubaini, na juu ya mambo ya upepo hapakuwa na fundi Pemba nzima wa kumfundisha.

"Mabruki," alisema, "nakuuliza jambo moja tu, kisha urudi vitani kwako. Hilo gari lako linavuta pumzi au linatoa?"

"Linavuta, mama."

"Mie naliona linatoa. Na kiumbe anayetoa pumzi bila ya kuvuta, mwanangu, huyo anakata roho. Washa tena."

Akashika pembe ya kanga yake mbele ya wavu wa gari. Feni zilipowashwa, kanga ikapepea mbele kama bendera, ikamwonesha kila mtu pale uwanjani upepo unakokwenda. Feni ziliundwa zikae nyuma ya rejeta na kuuvuta upepo kuja kwao. Mabruki alikuwa amezihamishia mbele, uso wao ule ule ukiitazama rejeta, nazo, kwa utiifu wote, ziliendelea kuuvuta upepo, zikautoa moto wa injini nje, zikautupia karafuu za mama.

Nassor akashika kichwa. Akasema kuzifungua, kuzigeuza na kuzifunga upya ni kazi ya kufika isha, na biharusi anatoka alasiri. Kule barabarani, kama aliyeitwa, Mzee Shaame alikuwa anapita na ng'ombe wake, ameoshwa, anang'aa, kitambaa chekundu tayari kimeshafungwa. Alitoa salamu tu, na ng'ombe akatazama upande wa gari kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Hapo damu ya Nyange ikachemka katika mishipa ya mwanawe, na ilipochemka, akili nayo ikafunguka.

"Yakhe Nassor," alisema, "kaseti yako ya zamani, ulipokosea kuweka betri, si ilizunguka kinyume?"

Nassor akamtazama, akatazama waya, akaanza kucheka. Waya mwekundu ukatolewa, mahali pake pakapewa mweusi, na pa mweusi pakapewa mwekundu. Haikuchukua muda wa mtu kunywa kikombe cha kahawa. Bi Mwanaasha akashika tena pembe ya kanga, swichi ikabonyezwa, na kanga ikavutwa, ikaenda ikaganda kwenye wavu wa gari, ikatulia hapo imetandazika, maandishi yake yakisomeka.

"Sasa linavuta," alisema Bi Mwanaasha, akainama kuokota karafuu, na wanaume wote waliokuwepo wakainama pamoja naye, shujaa akiwa wa mbele, kwa sababu zipo amri ambazo hazihitaji kutamkwa.

Lakini Nassor, aliye mkweli kupita kiasi, alimvuta rafiki yake kando akamwambia kuwa panga za feni zimekatwa kwa kuzunguka upande ule wa kwanza. Huku kinyume upepo upo, ila umepungua. Kama unatosha kwa mlima wa kuingilia Chake, yeye haapi. Mabruki akaubeba ujumbe huo peke yake hadi msikitini na kurudi nao.

Baada ya alasiri Moza akatolewa, amefunikwa, harufu ya udi imemtangulia. Wapambe walikwisha kumfundisha: macho chini, asiseme, asiguse kitu, mpaka afike. Lakini alipokwisha kukaa kiti cha nyuma, na mama yake pembeni yake, alisema kwa sauti ndogo kupitia mtandio:

"Kaka, mie nimekataa gari la mjomba na nimekataa teksi ya Chake. Nimesema nakwenda na lako. Likisimama mlimani nitashuka nipande la Mzee Shaame, na sitakulaumu. Lakini nataka lisisimame."

Mabruki akabonyeza swichi.

Wakatoka. Nyuma yao wanawake wa vifijo katika gari la kukodi, na nyuma kabisa, mbali, kitambaa chekundu. Vilima vidogo vilipitwa kimoja baada ya kimoja, na sindano ya joto ikapanda, ikashuka, ikapanda. Kisha ukaja mlima. Mabruki akaingiza gia ya kwanza. Gari likaanza kutambaa, injini ikinguruma, na sindano ikainuka kama askari anayeitwa jina lake. Ikapita nusu. Ikaugusa mstari mwekundu kwa ncha, pale pale ambapo siku zote mluzi ulikuwa ukianza. Ila huko mbele zilivuma feni mbili, kinyume na zilivyoumbwa, zikiuvuta upepo wa Chake kwa nguvu zao zote zilizopungua. Sindano ikatetemeka. Ikakaa. Mabruki akaisomea aya zote anazozijua. Na walipofika juu, paa za mji zikaonekana, sindano ikarudi nyuma kidogo, kwa unene wa uzi, kisha kwa unene wa kidole.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanaasha.

Mlangoni kwa bwana harusi watu walijaa, vigelegele vikapigwa, maji ya waridi yakarushwa. Hakuna aliyeuliza habari za feni. Mabruki akazima injini, akashuka, akasimama kando ya gari katika kanzu yenye doa la grisi mkononi, na katika umati ule wote hakuna aliyejua kuwa anatazama mshindi. Wapambe wakamshika Moza mikono, wakamwongoza kuelekea mlangoni, macho chini. Alipofika usawa wa pua ya gari, biharusi alisita. Akautoa mkono wake wa kulia ndani ya buibui, mkono uliopigwa hina usiku wa jana, akauweka wazi juu ya boneti. Wapambe wakamnong'oneza aondoe. Hakuondoa. Akauacha hapo kwa muda wa mtu kusoma Kulhuwallahu mara tatu, kisha akaingia kwa mumewe.

Basi na iandikwe, na wasiokuwepo wasomewe: katika miaka hiyo ya simu za mkononi, siku ya Ijumaa, baada ya alasiri, mjini Chake, mkono wa Moza binti Nyange ulikaa juu ya boneti la gari la kaka yake, lililotoka Pujini likaupanda mlima halikufunguliwa. Na haukuungua.