Ua Wote, Mpaka Mizizi

Barua ya manispaa ilikuwa imebandikwa getini kwa gundi nyingi kuliko maneno, na Kizibao, ambaye hakuwahi kupita karibu na shida ya mtu bila kubisha hodi, alisimama kuisoma. Ilimtaka mwenye nyumba aondoe ua ulio kwenye hifadhi ya barabara kabla ya Ijumaa kuisha, la sivyo tingatinga litakuja. Kizibao hakufika kwenye sahihi. Macho yalishahamia kwenye mawaridi.

Yalipangwa nje ya ukuta, mashina thelathini na kitu, mekundu na ya manjano, kila moja limenona. Mbele yake, ukingoni mwa lami, ulisimama ua wa michongoma mrefu kuliko mtu, ulioziba kona nzima hata madereva wakawa wanapishana kwa kusikilizana. Huo Kizibao hakuuona kabisa. Mjini kulikuwa na mwenye ukumbi wa sherehe aliyetafuta mawaridi yaliyokomaa, ya kuhamishwa na mizizi yake, na hakuwa na tabia ya kuuliza yametoka wapi.

Jina la Kizibao lilitokana na kizibao chake cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa, alichokipata siku fundi mmoja alipokivua ili akaoge. Ukivaa kitu kama kile, walinzi wanakufungulia milango na kukuita mkuu. Alikifunga vifungo, akakohoa kiofisi, akamwendea mama aliyekuwa akimwagilia maji.

"Shikamoo mama. Natoka idara ya bustani."

"Marahaba. Miezi minane nabishana na idara yenu," mama alisema bila kuacha kumwagilia. "Huu ua mliupanda wenyewe, mkapiga na picha. Leo unaziba barabara, mnasema ni wangu, niung'oe mimi. Kila kibarua niliyemwita ameuangalia akaaga."

Kizibao alitikisa kichwa kwa masikitiko aliyoyafanyia mazoezi. Hakuwa amesikia neno. Alikuwa akihesabu mashina.

"Mama yangu, tatizo ni tingatinga. Lile halichagui. Likija, linazoa mpaka mawaridi."

Mkono wa mama ulisimama. "Haya niliyapanda mwaka niliofiwa na mume wangu," alisema polepole. "Yakienda haya, sijui nitatokaje nje asubuhi."

"Ndiyo maana nimekuja. Naondoa kila kitu mimi mwenyewe, kwa utaratibu, naenda kukihifadhi. Bure."

"Bure?"

"Naumia nikiona mama anaonewa."

Mama alimtazama, kisha akafuata macho yake yalikokuwa yanatazama, yaani kwenye waridi la manjano. Akaweka ndoo chini.

"Basi tuandikiane," alisema.

Kizibao aliifurahia karatasi. Kwa uzoefu wake, mtu akishaandikiana nawe huwa anatulia wakati wa kuibiwa. Mama alileta daftari, akaanza kuandika kwa mwandiko ulionyooka ajabu.

"Unaondoa nini?"

"Andika tu ua."

"Ua lote, au ua wote?"

Kizibao akacheka. Siku ngeli zilipofundishwa shuleni, yeye alikuwa nyuma ya choo akicheza karata, na tangu hapo alizichukulia kama chumvi, kila mtu anatia kiasi anachopenda.

"Lote, wote, zote, mama, mimi naondoa tu."

"Chagua moja. Manispaa haipendi matatu."

"Basi wote."

"Ulio kando ya barabara?"

"Ulio."

"Mpaka mizizi?"

"Hapo ndipo penyewe, mama. Bila mizizi haina faida."

"Ukishaondolewa, unakuwa mali ya nani?"

"Yangu," alisema Kizibao, haraka mno, kisha akakohoa. "Yaani, kwa usalama."

Wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, muhuri ukagongwa.

Alhamisi asubuhi Kizibao alirudi na pikapu ya kukodi, majembe na vibarua wawili. Aliwakuta getini mwenyekiti na afisa mmoja wa manispaa, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, ameshika nakala ya makubaliano.

"Wewe ndiye uliyejitolea?" afisa aliuliza. "Umetuokoa, ndugu. Ua huu umetutoa jasho miezi minane."

Kizibao alitabasamu, akachomeka jembe chini ya waridi la kwanza.

"Hayo hayamo," mama alisema.

"Mama, karatasi inasema ua."

"Inasema ua wote ulio. Ni ule pale." Alinyoosha kidole kwenye michongoma. "Yangekuwa maua, ningeandika maua yote yaliyo. Lingekuwa ua moja, ningeandika ua lote lililo. Nilikuuliza, ukachagua."

Kizibao alimgeukia afisa. Afisa alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama yuko mstarini.

"Mwalimu hakosei," afisa alinong'ona, macho kwa mama. "Alinifundisha sarufi miaka mitatu. Mpaka leo naota ngeli."

Vibarua waliitazama ile michongoma, ghafla wakakumbuka wana msiba, wakaondoka na pikapu. Kizibao naye alitaka kukumbuka wake, lakini afisa alishaanza kuuliza anatoka idara ya bustani ipi, chini ya mkuu gani, na kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Akachukua jembe.

Alichimba mpaka jioni. Michongoma ilimchana mikono, ikamchana kizibao, ikamchana na ile sauti tamu mpaka akabaki anaguna. Shina la mwisho lilipong'oka, gari lililokuwa likipita lilipunguza mwendo, dereva akayatazama mawaridi yote thelathini na kitu, akayasifu kwa sauti. Mwalimu alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Afisa alimkabidhi Kizibao barua mpya. "Hili rundo ni mali yako, umekubali mwenyewe kwa maandishi. Liondoke barabarani kabla ya Ijumaa kuisha."

"Lakini Ijumaa ni kesho."

"Ndiyo hiyo."

Kizibao akaketi kwenye ukingo wa lami. Alikuwa amechoka hata kudanganya.

"Mwalimu," alisema, "nipe basi hata ua moja."

"Moja?"

"Moja. Siyo mmoja," alijibu, akilitazama lile rundo. "Mmoja ninao."

Mwalimu alikata moja la manjano, akaliondoa miiba kabla ya kumpa.