Shemeji na Marekebisho ya Tatu

Jumatatu, 18 Septemba

Leo nimepata silaha! Tena bure, maktaba, pamoja na kahawa na kipande cha keki.

Sababu ya kwenda maktaba naiandika wazi, maana shajara haisengenyi. Nyumbani sina pa kukaa. Shemeji yangu Royce, kaka wa mke wangu Glenda, sajini wa jeshi, alikuja Juni kwa wikendi. Wikendi hiyo sasa imeanza kuvaa sweta. Analala chumba cha chini, chumba CHANGU, nilimojenga reli ya treni ndogo kwa mkono wangu. Ina stesheni, mlima na daraja. Kitanda chake cha kukunja kimeegemea mlima. Juzi alikanyaga daraja. Alisema samahani. Samahani haijengi daraja.

Basi maktaba kuna Bi. Haverkamp, jaji mstaafu, anafundisha Katiba ya Marekani Jumatatu na Alhamisi. Ametugawia Katiba ndogo inayoingia mfuko wa shati. Nilikuwa nasinzia vizuri tu mpaka akafika Marekebisho ya Tatu. Akasema hayo ndiyo yaliyosahaulika, ni nadra mtu kuyahitaji siku hizi. Yanasema wakati wa amani askari asiwekwe kulala katika nyumba ya mtu bila ridhaa ya mwenye nyumba.

Niliamka! Nikamwomba arudie. Akarudia. Machozi yakanilengalenga. Wale wazee walioandika Katiba, na mawigi yao, kwenye joto la Filadelfia, walimfikiria Verlin Pruett wa Ohio kusini. Nawashukuru kwa moyo wangu wote.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya TATU! Hata wahenga waliijua namba.

Jumanne, 19 Septemba

Nimeanza kujaribu haki zangu taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vipya.

Asubuhi Glenda kanipekua koti, katoa donati mbili. Daktari kanikataza sukari. Nikamsomea Marekebisho ya Nne: hakuna kupekuliwa bila sababu ya msingi, na hati iko wapi? Glenda akajibu kwamba Katiba inaibana serikali, haimbani mke. Nikamwambia katika nyumba hii mke ndiye serikali. Akafikiri kidogo, akasema haya, basi serikali inadai kodi yake, toa pipa la taka.

Nimetoa pipa. Niliporudi alikuwa anakula donati yangu. Ya pili alimpa Royce. Utawala umeoza! Ila niandike kwa haki: bila Glenda sukari ingekuwa imenimaliza zamani. Asante, Glenda. Donati ilikuwa ya krimu.

Alhamisi, 21 Septemba

Darasa limenoga. Bi. Haverkamp kaeleza kwamba serikali kuu haina nguvu zote. Ina zile tu ilizokabidhiwa na Katiba: jeshi, sarafu, posta, biashara kati ya jimbo na jimbo, na mengineyo. Yaliyobaki ni ya majimbo au ya wananchi wenyewe. Nikanyoosha mkono, nikauliza rimoti ya televisheni iko upande gani. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema ni swali zuri sana, nchi hii imekuwa ikigombania rimoti hiyo tangu siku ya kwanza.

Nampenda huyu mama! Mwalimu wa kwanza maishani kuniambia swali langu ni zuri. Nimetembea hadi nyumbani kifua mbele.

Njiani kila kitu kikaeleweka. Jikoni na ukumbini ni serikali kuu, yaani Glenda. Chumba cha chini ni jimbo, yaani mimi. Na serikali kuu imeingiza jeshi katika jimbo langu bila hata kuniuliza. Kesho namsomea mtu mashitaka.

Ijumaa, 22 Septemba

Ushindi! Au karibu na ushindi.

Nilingoja kifungua kinywa. Glenda alikuwa amekaanga goeta, ile nyama ya nguruwe na shayiri, kingo zimekauka vizuri. Nikasimama. Nikasafisha koo. Nikasoma Marekebisho ya Tatu yote, kwa sauti ya kanisani, nikamtazama Royce, nikatamka: Mimi, mwenye nyumba, siridhii.

Kijiko kikamponyoka Glenda. Akamtazama Royce. Royce akatazama dari. Nikajua hoja imewaingia.

Kisha Royce akasema, taratibu, bado anatafuna, "Shem, hilo jambo zito. Usinihukumu jikoni. Twende kwa jaji wako Alhamisi."

Glenda akasema, "Royce, mwambie tu." Royce akatikisa kichwa, akasema kila mtu ana haki ya kusikilizwa. Nilimpa mkono. Adui mwenye adabu ni zawadi. Nilikula goeta tatu.

Jumapili, 24 Septemba

Maigizo ya vita vya zamani vya wenyewe kwa wenyewe, bustani ya mji. Mimi ni askari wa Muungano, upande wa Kaskazini, koti la bluu, vifungo vya shaba. Kila mwaka nauawa mapema. Mwaka huu niliomba nife baadaye kidogo, hata baada ya chakula cha mchana. Kapteni kakataa. Nimekufa saa nne asubuhi, juu ya kichuguu cha sisimizi.

Halafu mvua. Maiti zote zikakimbilia kwenye magari. Langu likagoma kuwaka. Nani akaja na nyaya za betri na koti la mvua? Royce. Aliponiona kwenye sare alisimama wima, akanipigia saluti, saluti ya kweli, si ya mzaha. Nyumbani akanishonea kifungo kilichodondoka.

Nilishukuru. Nilishukuru sana, na hilo ndilo tatizo. Moyo, jikaze! Mtu anaweza kuwa mwema na bado akawa amelala pasipo pake.

Jumanne, 26 Septemba

Mpango wa akiba, endapo jaji atayumba. Nimfanye aondoke mwenyewe.

Royce huzima taa saa tatu usiku. Saa tatu na dakika moja nikashuka, eti nakagua reli. Nikawasha treni zote. Mizigo, abiria, ile ya makaa. Honi kila kona. Nikazungusha muda mrefu, kichwa kikaniuma mimi mwenyewe. Royce? Kalala kama mtoto aliyenyonya. Mdomo wazi. Hata hakugeuka ubavu.

Na ndipo nikaona daraja. Limetengenezwa! Nguzo mpya, zimepigwa msasa, zimepakwa rangi ileile. Kazi nzuri kuliko yangu. Hakuniambia.

Nimekaa pale nikilitazama. Kisha nikajiambia: rushwa! Anataka kumnunua mlalamikaji. Nimepanda kulala nikiwa na hasira kidogo, na shukrani nyingi zaidi ya hasira, na kichwa kikigonga.

Alhamisi, 28 Septemba

Sijui nianzie wapi. Naandikia bafuni.

Bi. Haverkamp alitupa dakika za mwisho za somo. Darasa zima likabaki. Glenda alikuja, akakaa nyuma na mkoba mapajani. Nilizungumza vizuri, hilo hata Royce alikiri. Niliwataja wazee wa Filadelfia. Nilitaja uhuru. Nilisema nyumba ya mtu ni ngome yake, nikapiga meza, kahawa ya mtu ikamwagika.

Bi. Haverkamp akasema ataniambia la kwanza kabla ya yote: haki hizi zinaizuia serikali. Hazihukumu kati ya mtu na shemeji yake. Kesi imetupwa. Lakini, akasema, kwa ajili ya somo tu, hebu tuone kama ingekuwa na miguu.

Royce akasimama. Akauliza maswali matatu, kwa upole kabisa.

Swali la kwanza: yeye ni askari? Akajibu mwenyewe kwamba aliacha jeshi Juni. Wanamwita sajini kwa mazoea tu. Nikageuka kwa Glenda. Akasema alinieleza siku ileile.

Swali la pili: mwenye nyumba ni nani? Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Royce akasema marehemu bibi yao, Nana Ottilie, aliwaachia nyumba wajukuu wawili, Glenda na yeye. Nusu kwa nusu. Mimi simo!

Nikamwambia Glenda hajawahi kunieleza jambo kama hilo. Akasimama na mkoba wake. "Verlin, nimekueleza mara ngapi! Unajibu 'mmh', treni inapiga honi, unajibu tena 'mmh'. Hata siku ya maziko ulijibu 'mmh'!"

Swali la tatu. Hapa Royce aliona haya kuliuliza, naapa aliona haya. Katika nyumba ile, ni nani anayevaa sare ya jeshi na si mwenye nyumba?

Darasa zima likanigeukia.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Miaka yote hii mimi ndiye askari! Mimi ndiye niliyelazwa katika nyumba ya watu! Akilini niliona sanduku langu barazani, treni zangu ndani ya mifuko ya taka, mimi mwenyewe kwenye kitanda cha kukunja kwa dada yangu asiyenipenda.

Bi. Haverkamp akasema, kwa sauti ya jaji kweli, kwamba askari anaweza kubaki wenye nyumba wakiridhia. Je, wanaridhia?

Glenda alifikiri. ALIFIKIRI! Alitazama dirishani. Akafungua mkoba, akafunga mkoba.

Mkono wa Royce ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Hakunitazama, aliunyoosha tu. Glenda akauona, akapangusa macho, akanyoosha wake, akasema, "Anaridhiwa, mheshimiwa. Ila pipa la taka lisisahaulike."

Watu walipiga makofi. Nililia mbele ya wote, pamoja na yule niliyemwaga kahawa yake.

Ijumaa, 29 Septemba

Nimeamka mapema, nimetoa pipa bila kuambiwa. Nimeosha vyombo. Nimemwambia kila ninayemwona asante, mpaka mtu wa posta akaniuliza kama ninaumwa.

Kisha nikashuka chini kumwomba Royce radhi. Alikuwa anakunja mashuka. Nikamwambia nilikuwa mjinga, na zile honi za Jumanne zilikuwa za makusudi. Akasema anajua. Halafu akakaa kitandani, akasema jambo ambalo sikulitegemea. Tangu atoke jeshini kimya kinamnyima usingizi. Anakodoa macho, anasikiliza, hajui anasikiliza nini. Usiku ule wa treni ndio wa kwanza aliolala hadi asubuhi. Alitaka kuniomba niziwashe tena, akaogopa kunisumbua chumbani kwangu.

Chumbani kwangu, alisema. Mwenye nusu ya nyumba!

Nikawasha treni. Tukakaa wawili tukiitazama ile ya makaa ikivuka daraja lake.

Hapo ndipo akaniambia amepata kazi ya kutengeneza mashua za mizigo, ng'ambo ya mto, jimbo la Kentaki. Na nyumba ndogo ya kupanga. Anaondoka kesho. Akasema amejifunza kwamba kila mtu anahitaji mahali pake. Eti kajifunza kwangu. Nilisema hongera. Nilisema mara mbili, maana ya kwanza haikutoka vizuri. Nimempa injini ya makaa aende nayo.

Jumapili, 8 Oktoba

Chumba cha chini ni changu chote. Haki imetendeka. Nimekaa humo tangu nitoke kanisani. Hakuna anayekoroma. Hakuna soksi stesheni. Hakuna wa kusema "shem, hiyo bawaba imelegea." Imelegea kweli.

Glenda kanikuta nimekaa. Akaniuliza kwa nini nisimpigie tu simu kaka yake nikamwambia nimemkumbuka. Wanawake! Mtu havuki mto kwenda jimbo jingine bila msingi wa kisheria.

Lakini nimepekua kijitabu chote, na nimepata! Alhamisi Bi. Haverkamp alifundisha kwamba Muungano huu hauvunjiki. Hakuna jimbo linaloruhusiwa kujitoa kwa uamuzi wake peke yake. Mahakama ya Juu ilishasema, baada ya damu nyingi kumwagika. Sasa, Royce alikuwa sehemu ya muungano wa nyumba hii. Amejitoa. Nani alipiga kura? Mimi sikupiga! Kwa hiyo kuondoka kwake ni batili, na kisheria bado anaishi hapa. Ni hoja isiyo na tundu. Glenda amesoma ukurasa huu juu ya bega langu, ameshika kichwa kwa mikono miwili, sasa ananifungia goeta kwenye karatasi nimpelekee. Nimemwonya kwamba goeta ikivuka mto ni biashara kati ya majimbo, iko chini ya Bunge la taifa. Kasema nitoke.

Namshukuru Mungu kwa mke huyu, kwa nchi hii na kwa Katiba yake. Kesho asubuhi nitabisha mlango wa Kentaki na nitaanza na hoja ya Muungano. Akiikataa, nitakata rufaa palepale. Na ikishindikana kabisa, kabisa, hoja zote zikiisha, basi nitamwambia kwamba nimemkumbuka. Lakini sidhani kama tutafika huko. Kesi yangu ni nzuri mno.