Daktari wa Printa

Daktari hakuwahi kutibu mtu. Jina hilo alilipata kwa kutibu printa, na hata hizo hakuzitibu. Alizichungulia, akazisikitikia, kisha akazibeba. Asubuhi hiyo alikuwa akikatiza mtaa wa mafundi simu alipoiona kupitia dirisha la studio: printa ya kuchapa picha kubwa, pana kama kitanda cha maharusi, taa zake zinawaka. Nyuma yake zilining'inia picha za harusi, mpya kabisa, zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Mate yalimjaa mdomoni.

Aliweka tai sawa, akavaa glavu zake nyeupe, akaingia.

"Shikamoo, mama. Natoka huduma ya matengenezo. Leo tunakagua bure."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mwenye studio. "Bure kweli?"

"Bure, mama. Printa hizi zinataka uangalizi. Ikikaa bila kuchapa, wino unakauka kichwani, kwisha habari yake."

Utaalamu wa Daktari ulikuwa mmoja tu, ila aliuheshimu. Aliinua kifuniko, akainama, na kwa siri akabandika kipande cha utepe mweusi juu ya kijicho kinachosoma karatasi. Akabonyeza kitufe. Printa ikapiga kelele, taa nyekundu ikawaka. Akavua glavu polepole, uso umemjaa huzuni.

"Mama, jikaze. Imekufa."

"Eti nini?"

"Kichwa kinachonyunyiza wino kimeungua. Na vichwa vya aina hii havitengenezwi tena."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri picha za pasipoti waliinuka vitini. "Jamani, na kazi za watu!" mama alilia. "Sema mbele ya hawa, mwanangu, wasije wakadhani nawazungusha."

"Imekufa kabisa," Daktari alitamka, mkono kifuani. "Ila kwa huruma tu, nitakuondolea mzigo."

"Siitoi hivihivi. Nipe japo kimashine kidogo nimalizie kazi za watu."

Hapo Daktari alikuna kidevu. Chumbani kwake alikuwa na printa moja, ndogo lakini nzima, aliyomwondolea mwanamke wa mtaa wa pili kwa huruma hiyohiyo. Ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Lakini hii kubwa ilikuwa na mnunuzi tayari, na kwa atakachopata angefungua duka lake, akae kwenye kiti cha kuzunguka, aletewe chai. Kabla jua halijapanda sana, mashine zilikuwa zimebadilishana nyumba.

Chumbani, huku akipiga mluzi, alibandua utepe na kubonyeza kitufe. Kelele. Taa nyekundu. Akabonyeza tena, kwa kubembeleza. Nyekundu. Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika kazi yake yote: alichunguza printa kwa dhati. Kichwa kilikuwa kimeungua, cheusi kama kitako cha sufuria. Siku zote yeye ndiye aliyetangulia kuharibu, kwa hiyo hakuwahi kujua kama alichokuta kilikuwa kizima.

Alirudi studio mbio, tai imerukia begani. Printa yake ndogo ilikuwa ikichapa, na pembeni yake amekaa mwanamke wa mtaa wa pili, akiipangusa vumbi.

"Huyu wifi yangu mnafahamiana," mama alisema. "Alinihadithia glavu zako. Nikaiweka mbovu yangu dirishani, nikatundika picha nilizochapiwa kwingine, nikakungoja."

"Mama, umenipa mashine mbovu! Nakwenda polisi!"

"Twende wote," wifi alisema bila kuinua uso. "Na mimi nina yangu ya kueleza."

Daktari aliwageukia wateja wa pasipoti, ambao walikuwa wameshapata picha zao lakini hawakuona haraka ya kuondoka. "Nyie mlikuwepo! Semeni!"

"Tulikuwepo," mmoja alijibu. "Ulisema imekufa kabisa."

Mama alimtazama Daktari kwa upendo wa mzazi.

"Wifi, kuanzia leo sitaki kusikia ukimwita huyu kijana mwongo. Kasema kichwa kimeungua, na kweli kimeungua."